Injini iliyozama: imeokolewa au imeopolewa?

SWALI: Sisi ni wavuvi wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Injini ya mtumbwi wetu ilichomoka ikazama karibu na Mwaloni, wapiga mbizi wakaitoa. Tunataka kuiuza. Mimi nimeandika tangazo, "Injini iliopolewa inauzwa"; mwenzangu anataka "iliyookolewa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, ila umekosea herufi. Nitafika huko.

Kuopoa ni kutoa kitu majini au shimoni, basi. Hali ya kitu haihusiki: ndoo iliyokatika kamba kisimani huopolewa, iwe nzima au imetoboka. (Vijana wanaoopoa wachumba kwenye harusi tuwaache kwanza.) Kuokoa kunadai hatari, na kunadai kitu kipone. Kumbuka MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018. Fundi aliyekutwa hai ndani ya kivuko siku mbili baadaye aliokolewa. Miili iliopolewa. Sidhani kama kuna mtu wa Ukerewe aliyeyachanganya maneno hayo siku zile.

Sasa injini yenu. Ikifunguliwa, ikakaushwa, ikanguruma tena, mwenzako ana haki ya kusema imeokolewa. Ikigoma, mkauza propela na spea nyingine, bodi ikaishia kwenye mizani ya chuma chakavu, basi mliiopoa tu. Mlichookoa ni sehemu ya hela yenu.

Msije mkaandika "iliyookotwa". Huokotwa kitu kisicho na mwenyewe mbele ya macho, kama dumu linaloelea. Neno hili huonewa sana mialoni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi: mtu anavuta nyavu za mwenzake usiku, boya lina alama kabisa, asubuhi anasema "nimeokota". Kitenzi cha kazi hiyo kipo, naye anakijua.

Kuhusu herufi: "Injini iliopolewa jana" ni habari kamili, inatueleza kilichotokea. Ukitaka kuitambulisha ni injini gani, unahitaji -yo-: "Injini iliyoopolewa inauzwa". O mbili zifuatane, zote zina kazi; moja ni ya -yo-, nyingine ni ya opoa.

Na kama bado hamjaijaribu kuiwasha, shikilia neno lako. Mnunuzi akisoma "iliyookolewa" atakuja kuvuta kamba akitarajia iwake.