Bustani iliyofungwa, ufunguo ni wa nani?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Muyeye hapa Malindi, harusi yetu Desemba. Mchumba wangu hunitumia mistari ya Wimbo Ulio Bora, kile kitabu cha mapenzi ndani ya Biblia, kwa simu, ati nywele zangu kundi la mbuzi na meno yangu kondoo waliotoka kuoshwa, sijui nasifiwa ama vipi. Juzi kaleta ile ya bustani iliyofungwa, akaongeza kuwa mke ni wa kufungiwa na ufunguo hukaa nao mume. Mama mchungaji naye asema kitabu kile ni Kristo na Kanisa tu. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera. Unasifiwa, tena sana. Mbuzi wa nchi ile wengi ni weusi, sasa waone kwa mbali wakiteremka mlima Gileadi, kundi zima lashuka kwa pamoja, ndio nywele zimefunguliwa zikamwagika mabegani. Kondoo nao soma mstari wote, wamenyolewa, wameoshwa, kila mmoja na pacha wake na hakuna aliyepungukiwa, yaani meno meupe, ya juu na ya chini yamekutana, hakuna pengo hata moja.

Hio bustani sasa. Sura ya 4 mstari wa 12 anayesema ni mwanamume, na yeye yuko nje! Anataja komamanga, hina, zafarani, mdalasini, udi, vyote vimo ndani na yeye hana pa kupitia. Ufunguo wala hautajwi. Mpaka mstari wa 16 bibi arusi mwenyewe anaita upepo uvume juu ya bustani yangu, ndivyo anavyoiita, kisha ndio anasema mpendwa wake aingie bustanini mwake. Kwanza yangu, halafu yake, na aliyekaribisha ni yeye. Mchumba wako kaishia njiani.

Mama mchungaji hajakosea, Wayahudi hukisoma Pasaka wakimwona Mungu na Israeli, na Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa karne ya 12, alikihubiri mahubiri 86 na hakuvuka mwanzo wa sura ya 3. Ila hilo "tu" lake ndilo silikubali, maana watu wawili wanaopendana wamo mle waziwazi.

Mrudishie mstari wa 16, halafu muulize uso kwa uso hio kufungiwa ni nini, na akikwambia hutatoka kwenda kwenu wala kufanya kazi, waambie wazee wako kabla ya Desemba.