Hela za Waraibu Zinakaa Wapi? Tunajibu Maswali Yenu

Sisi ni kikundi cha Manzese, wote tumeacha unga (heroini). Tunataka kuwatoa wenzetu maskani tuwapeleke kliniki. Kila ofisi tunaambiwa "bajeti hakuna". Hivi hela za waraibu zinakaa wapi?
*Mwenyekiti wa kikundi*

Mwenyekiti, hakuna kapu moja lenye jina hilo. Sehemu kubwa ya mchango wa serikali haiji kama noti. Inakuja kama mshahara wa muuguzi, jengo, umeme na dawa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, nendeni mkajitambulishe, ila msitegemee kutoka na hundi.

Mlango wenu ni halmashauri. Kila halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya, na shughuli isiyoandikwa humo kwa jina na kiasi haina kifungu cha fedha. Mganga mkuu anaweza kuwaonea huruma kabisa na mhasibu bado asiweze kulipa. Hapo ndipo hiyo "bajeti hakuna" inapotokea, na mara nyingi ni kweli.

Kosa la kwanza ni muda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, watu wanaanza kuhangaika Mei wakati bajeti iko bungeni. Anzeni Septemba au Oktoba: ombi lisemwe kwenye mkutano wa mtaa na liingie kwenye muhtasari, lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, nakala ifike kwa mganga mkuu wa manispaa na mratibu wa afya ya akili kabla ya Desemba. Kosa la pili ni anwani. Manzese iko Manispaa ya Ubungo. Kliniki ya methadone (dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga) ya Mwananyamala iko Kinondoni, lakini barua yenu haiendi huko.

Kosa la tatu ni lugha ya ombi. "Kuelimisha jamii juu ya madhara ya dawa za kulevya" ni mstari wa kwanza kukatwa bajeti ikibana, kwa sababu hakuna anayeweza kusema umefanyika au haukufanyika. Andikeni hivi: watu 10 kwa mwezi, kila mmoja asindikizwe kliniki siku 5 za mwanzo, nauli ya watu wawili. Kama nauli ni shilingi 600 kwa basi moja, kwenda na kurudi ni 1,200 kwa mtu, 2,400 kwa wawili, 12,000 kwa siku 5. Kwa watu 10 ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Hesabu kama hiyo diwani anaweza kuitetea mbele ya baraza bila kutafuta maneno.

Kaka yangu anakunywa dozi Temeke. Tunaambiwa methadone ni bure, mbona inatumaliza?
*Dada wa Mbagala*

Dawa ni bure kweli, tangu kliniki ya kwanza ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Kinachowamaliza ni njia. Kwa kawaida methadone hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kwa 600 kila moja, ni shilingi 2,400 kwa siku, sawa na 72,000 kwa siku 30. Nauli hiyo huwa haina kifungu popote, na kwa maoni yetu ndiyo inayowatoa watu kwenye tiba kuliko ukaidi wanaosingiziwa.

Mkikwama, msisubiri arosto (maumivu ya kukosa dawa) imrudishe maskani. Mwoneni afisa ustawi wa jamii wa kliniki siku hiyohiyo, mkamweleze. Akikosa siku tatu au zaidi mfululizo, asishangae dozi ikipunguzwa. Si adhabu. Mwili hupoteza uzoefu haraka, na dozi ya zamani inaweza kumzima pumzi, hasa kama kapitia unga au pombe katikati.

Ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, waraibu waliopona wanaruhusiwa?
*Kijana, Buguruni*

Hakuna fungu la waraibu. Mnaingia kama vijana, wanawake au watu wenye ulemavu: mgawo ni asilimia 4, 4 na 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudishwa 2024. Hauna riba, lakini ni deni, na ni wa biashara. Msiuombe kulipia tiba.

Wengi hukwama kabla hata ya kuandika mchanganuo wa biashara, kwenye kitambulisho cha NIDA kilichopotelea kijiweni. Anzeni hapo, kisha katiba ya kikundi na akaunti ya benki, ndipo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na chagueni biashara inayoendana na kliniki. Aliye kwenye wiki za kupandishiwa dozi ya methadone husinzia. Msimwandike kuwa dereva wa bodaboda.

Mume wangu ni gongo asubuhi na jioni. Kuna kliniki ya serikali ya pombe?
*Mama, Kigogo*

Pole, mama. Kwa pombe hakuna mtandao wa kliniki kama ule wa methadone, wala dawa moja ya kunywa kila siku badala yake. Anatibiwa kitengo cha afya ya akili cha hospitali, kwa gharama za kawaida. Mkishindwa kulipa, ombeni msamaha kupitia ustawi wa jamii kabla ya kutibiwa, msingoje mpaka bili itoke.

Tafadhali msimfungie ndani "aache". Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka ndani ya saa chache, kupata degedege ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa siku ya pili au ya tatu. Wengine hufa. Hospitali humpa dawa ya kutuliza kwa dozi inayopungua, pamoja na vitamini B1. Akidondoka kwa degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ada za leseni za vileo huingia halmashauri. Kwa nini hakuna hata sehemu yake inayorudi kwenye wodi? Diwani wako aulizwe hivyo mbele ya mkutano wa mtaa.

Serikali inalipia nyumba za upataji nafuu (sober house)?

Kwa kawaida familia ndiyo inalipa. Kabla ya kutoa hata senti, uliza usajili, nani mhudumu wa afya, na utaratibu wa kumtembelea mgonjwa. Wakikukataza kumwona, ondoka naye.

Shirika letu dogo limepata mfadhili wa nje. Tuna wajibu gani?
*Katibu, Temeke*

Mkataba unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa, na taarifa ya mwaka isichelewe. Tena, msiweke mishahara yote juu ya mfadhili mmoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waelimishaji rika waliolipwa kwa fedha hizo walikuwa hatarini kukosa posho. Ombeni halmashauri iwabebe angalau wawili kwenye mpango wake.