Namna Ninavyopima Ubora wa Sanamu ya Mhusika wa Filamu Kabla ya Kuinunua

Ukitaka kujua kama sanamu ya mhusika wa filamu, ile ya plastiki yenye viungo vinavyokunjika, imetengenezwa vizuri, itazame kwanza pale vitu viwili vinapokutana: rangi ya ngozi inapopakana na nywele, kichwa kinapoingia shingoni, paja linaposhikana na nyonga, kiganja kinapochomekwa mkononi. Sanamu hizi humiminwa vipande vipande katika kalibu za chuma, vipande vingi hupakwa rangi kabla ya kuunganishwa, kisha wafanyakazi wa kiwandani huviunganisha kwa mikono. Kiwanda kinachotaka kupunguza gharama hupunguza muda wa kazi hiyo ya maungio, na athari yake hubaki pale pale, hata kama boksi linang'aa na picha za tangazo zinavutia. Ndiyo maana mimi hupitia maungio kabla sijauliza bei.

Kabla ya kufika huko, ni lazima ujue umeshika sanamu ya aina gani, kwa sababu si haki kuipima sanamu ndogo kwa kipimo cha kubwa. Mwaka wa 1964 Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, mwanajeshi mwenye kimo cha sentimita 30 hivi, na mwaka wa 1978 Kenner ikatoa sanamu za Star Wars zenye kimo cha sentimita 9 na nusu, ambazo zilienea duniani kwa sababu zilikuwa nafuu na hazikuchukua nafasi kubwa. Siku hizi wakusanyaji wengi hununua zile za kipimo cha 1:12, yaani sentimita 15 hivi, na wenye uwezo hununua za 1:6, zenye sentimita 30, kama zile za Hot Toys, kampuni iliyoanzishwa Hong Kong mwaka wa 2000. Hesabu yake ni rahisi: mwigizaji mwenye kimo cha sentimita 180 anapaswa kuwa na sentimita 15 katika kipimo cha 1:12. Mimi hubeba rula. Kichwa nacho kinapaswa kuingia mara saba na nusu hadi nane katika kimo cha mwili mzima. Kikiwa kikubwa sana kuliko hapo, mhusika huonekana kama mtoto aliyevaa nguo za mtu mzima, na hakuna rangi wala silaha itakayoficha kasoro hiyo.

Baada ya kimo huja uso, na hapa siharakishi. Itoe sanamu nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana lakini si juani moja kwa moja, kwa sababu taa nyeupe za dukani hufuta vivuli na kuifanya rangi mbaya ionekane nzuri. Tazama macho. Mboni zote mbili zinapaswa kuelekea upande mmoja, na weupe wa jicho usitoke nje ya kope zilizochongwa. Viwanda vingi vikubwa huchapa uso kwa mashine, kwa vitone vidogo sana vya wino, badala ya kupaka kwa brashi. Kwa umbali wa mkono mmoja chapa nzuri huonekana kama ngozi, na ukiikaribia kwa kioo cha kukuzia ndipo unaona vitone. Chapa mbaya huonesha vitone hata kwa jicho tupu, au huwa imeteleza: nyusi ziko juu kidogo ya mahali pake, mdomo umesogea kuelekea shavuni. Kuteleza kwa hata nusu milimita kwenye uso wenye urefu wa sentimita 2 hubadilisha kabisa sura ya mtu. Kama duka lina sanamu tatu za mhusika mmoja, ziombe zote na uzipange pamoja, kwa sababu zilizotoka kiwanda kimoja kwa mkupuo mmoja huweza kutofautiana usoni kiasi cha kukushangaza.

Jambo hili la uso linanigusa zaidi kwa sababu ya wahusika weusi. Hapa Kisumu wapenzi wengi wa sanamu hizi walipata hamu mwaka wa 2018, filamu ya Black Panther ilipooneshwa kwa mara ya kwanza jijini humu mwezi wa Februari, kwani Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ni binti wa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa gavana wa Kisumu wakati huo. Mwaka huo huo Hasbro ilitoa Nakia katika mfululizo wa Marvel Legends, kwa bei ya dukani Marekani ya dola 20 hivi. Ninaposhika sanamu ya mhusika mweusi huuliza maswali ambayo sioni yakiulizwa vya kutosha. Je, rangi ya uso ni sawa na ya shingo, na ya shingo ni sawa na ya mikono? Mara nyingi kichwa, shingo na mikono huwa vipande vilivyomiminwa kwa plastiki ya makundi tofauti, na tofauti hiyo hujitokeza sana kwenye ngozi ya kahawia iliyokoza. Je, ngozi ina kina, yaani kuna sehemu zilizokolezwa kidogo chini ya mashavu na pembeni mwa pua, au ni plastiki moja ya kahawia isiyo na uhai? Je, inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi? Ngozi ya mtu haing'ai namna hiyo, na kiwanda kinachojali huweka rangi ya mwisho isiyo na mng'ao. Sikubali kabisa hoja kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kuipaka na kwa hiyo tuvumilie. Zipo zilizopakwa vizuri, na anayelipa bei kamili ana haki ya kuzidai.

Mavazi hupimwa kwa haraka zaidi. Fuata mpaka wa kila rangi kwa macho, hasa kwenye mkanda, kola na ncha za viatu, ukitafuta mahali rangi ilipomwagikia upande wa pili au ilipokatika kabla ya kufika ukingoni. Kisha geuza sanamu ubavuni utafute mshono, ule mstari unaobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Mshono mwembamba chini ya mkono ni jambo la kawaida, lakini mshono unaopita katikati ya sikio au juu ya paji la uso ni uzembe.

Viungo ndivyo vinavyotenganisha sanamu ya kukusanya na kichezeo cha kawaida, na huwezi kuvipima kwa macho. Siku moja katika soko la Kibuye nilikuta shujaa wa sentimita 15, amelala kati ya magari ya plastiki yaliyotoka kwenye robota la mitumba. Nikamwambia muuzaji, "Mama, niruhusu nijaribu viungo kwanza." Akanijibu, "Jaribu, baba, lakini ukivunja umenunua." Alikuwa na haki, na kwa sababu hiyo nilianza taratibu, kwa kiwiko. Nilishika mkono juu na chini ya kiungo chenyewe, kidole gumba kikiwa karibu sana na pini, nikaukunja pole pole. Kiungo kizuri hukupa ukinzani ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na ukikiachilia hubaki pale ulipokiacha. Kiwiko cha kulia kilikuwa hivyo. Cha kushoto kilikataa, na nilipomulika kwa tochi ya simu niliona mstari mweupe mwembamba ukizunguka pini. Mstari huo maana yake ni kwamba plastiki imeshaanza kuchoka na itakatika hapo, leo au mwezi ujao. Nilimwonesha mama yule, tukakubaliana bei ya kitu chenye mkono mmoja mzima, na nikaondoka nacho nikijua hasa nilichonunua.

Kiungo kilichokaza pasipo mstari mweupe ni jambo lingine, kwa maana mara nyingi ni rangi tu iliyogandisha vipande viwili pamoja. Usikilazimishe. Kipashe joto kwa draya ya nywele au kitumbukize katika maji ya moto yasiyochemka kwa muda mfupi, kisha kizungushe polepole kwa mwendo mdogo, na kitaachia. Kiungo kilicholegea kina dawa pia: tone la rangi ya kucha iliyo angavu kama maji ndani ya kiungo, likaachwa likauke kabisa huku ukikizungusha mara kwa mara ili kisigande, huongeza unene kidogo na kurudisha mshiko. Lakini kama muuzaji anadai bei ya kitu kipya, dawa hizi ni kazi yake, si yako.

Inafaa kujua plastiki zenyewe, maana kila moja ina tabia yake. Sehemu laini, kama nywele, koti na ngozi, kwa kawaida ni PVC, inayonyumbulika na kushika maelezo madogo ya uchongaji. Sehemu ngumu, kama silaha za chuma za bandia na kofia, mara nyingi ni ABS. Viungo vya sanamu za gharama hutengenezwa kwa POM, plastiki yenye utelezi inayostahimili msuguano, lakini kwa utelezi huo huo haishiki rangi, na ndiyo sababu goti lililopakwa rangi huanza kubanduka baada ya kukunjwa mara chache. Kwa hiyo napenda kuona goti lililomiminwa kwa rangi yake kuliko lililopakwa juu. Mwisho wa jaribio la viungo, isimamishe sanamu mezani bila kishikio. Nyayo zote mbili zikae bapa, na iweze kusimama wima huku miguu ikiwa imetanuka kidogo.

Hapo hali ya hewa yetu inaingia. Kisumu tuna joto na unyevu wa ziwa karibu mwaka mzima, na PVC ikipata joto hulainika, hivyo sanamu iliyosimama kwa mguu mmoja kabatini huinama kidogo kidogo hadi ianguke. Ukinunua iliyotumika, tazama vifundo vya miguu kwa nyuma uone kama vimepinda. Sanamu iliyofungiwa kwa muda mrefu ndani ya boksi huweza kuwa na unato juu ya ngozi yake, na unato huo ni kilainishi kinachotoka ndani ya plastiki yenyewe. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo huuondoa, lakini unaweza kurudi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nguo za ngozi bandia kwenye sanamu za sentimita 30. Unyevu wa hewa huivunja polepole ile tabaka ya juu, na haijalishi kama boksi limefunguliwa au la. Kunja mkono wa koti na uangalie ndani ya kiwiko: nyufa ndogo au maganda kama ya kitunguu yanakuambia kwamba koti hilo halitadumu, na koti la kubadilisha si rahisi kulipata huku kwetu. Wenzetu wa Nakuru, walioko juu zaidi na kwenye baridi, hupata nafuu kidogo katika hili, ingawa vumbi la kiangazi huwatesa na hukwama kwenye mafuta ya viungo. Kwa sanamu yenye taa, fungua kifuniko cha betri kabla ya kulipa, kwa sababu betri iliyovuja ndani huila chuma cha mguso na huenda taa isiwake tena.

Kuhusu bandia, ishara iliyo wazi kuliko zote ni ukosefu wa ukali. Mtengenezaji wa bandia mara nyingi huchukua sanamu halisi na kuifanyia kalibu mpya, na kwa kuwa plastiki husinyaa ikipoa, nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake, vidole vikiwa vimeungana na mikunjo ya nguo ikiwa imefifia. Rula yako inafanya kazi tena hapa. Tafuta maandishi ya haki ya mmiliki, kwa kawaida mgongoni, chini ya nyayo au nyuma ya paja: jina la kampuni, mwaka na nchi iliyotengeneza, yakiwa yamechongwa kwa herufi zinazosomeka. Harufu kali ya rangi au ya mafuta ya taa inayobaki baada ya sanamu kukaa nje siku nzima ni dalili mbaya sana. Kukosekana kwa stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, peke yake hakuthibitishi ubandia, kwani nyingi huletwa nchini na watu binafsi, lakini kama kuna mtoto mdogo nyumbani, usikubali sanamu yenye rangi usiyojua asili yake, kwa sababu rangi mbovu huweza kuwa na madini ya risasi, na hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Sanamu nyingi ninazonunua hunifikia kwa basi, kutoka Nairobi au Nakuru, na kwa hizo mikono yangu haiwezi kutangulia. Kwa hiyo naomba picha, na ninaeleza picha zipi: uso kwa karibu kwenye mwanga wa dirisha, nyayo, mgongo, kila kiwiko na kila goti likiwa limekunjwa, na vifaa vyote vimepangwa juu ya karatasi nyeupe. Vifaa hivyo navihesabu nikilinganisha na picha iliyo nyuma ya boksi. Kwa mkupuo ule wa Nakia, kwa mfano, vipande vya mwili wa Okoye, mhusika mwingine wa Black Panther, viligawanywa katika maboksi mbalimbali, na kipande kikikosekana mkusanyaji hawezi kumkamilisha Okoye, hivyo bei lazima ishuke. Viganja vya ziada ndivyo hupotea kwanza, na ndivyo huwa vigumu kuvipata kimoja kimoja. Muuzaji akisita kukunja goti mbele ya kamera, ninaacha. Akikubali, tunapatana kwamba nitafungua parseli pale pale kwenye kaunta ya basi huku nikirekodi kwa simu, na kwamba salio la pesa nitalituma kwa M-Pesa baada ya kusimamisha sanamu juu ya kaunta hiyo na kukunja kila kiungo mara moja.