Kusi likivuma, watoe wanafunzi uwanjani

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hesabu kidato cha pili, hapa Tanga, niliwapa wanafunzi kazi ya likizo ya Juni: kila mmoja atengeneze piramidi ya mbao. Julai meza yangu ilijaa piramidi zilizopigwa randa na kupakwa vanishi. Zilikuwa kazi za mafundi seremala wa mtaani, wazazi wamelipa. Binti mmoja ambaye kwao hela haikupatikana hakuja shule siku ile. Liliniuma sana, na tangu hapo siagizi kazi ya mikono ikafanyiwe nyumbani.

Na kumbe kazi nzuri ilikuwa juu ya kichwa changu. Juni na Julai huku pwani ni msimu wa upepo wa kusi, na likizo ikianza tu anga linajaa tiara, yaani vishada, kuanzia alasiri hadi magharibi. Vijana walewale wanaosinzia kwenye kipindi cha trigonometria wanajua mkia ukiwa mfupi tiara inapiga mbizi, na wanajua kamba za kifuani zifungwe wapi ili ipande. Walimu wenzangu, anzieni hapo, kwenye mchezo ambao msimu umeshauleta.

Vifaa havina gharama. Njiti za chelewa, yaani za makuti ya mnazi, zifungwe mbilimbili zisikatike, karatasi iwe ya gazeti, gundi ni uji mzito wa ngano, mkia ni vipande vya kanga iliyochakaa. Mifuko ya plastiki waliyotumia kaka zao ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na gazeti linaruka vizuri tu. Uzi uwe wa pamba, kwa sababu mshipi wa kuvulia unakata vidole, na utiwe alama ya wino kila baada ya mita 5. Chagua uwanja usiopitiwa na nyaya za umeme. Kama haupo, acha kabisa, fanya kitu kingine.

Kupima pembe mnahitaji protrakta, na uzi wenye kokoto unaoning'inia katikati ya ukingo wake. Mwanafunzi anaitazama tiara kupitia ukingo ulionyooka, mwenzake anasoma uzi wa kokoto umeangukia wapi. Hapa ndipo wengi hukosea: uzi ukisoma 40, pembe ya kuinuka ni 50, maana lazima utoe kwenye 90. Usiwaambie mapema. Waache wapate tiara iliyo chini kuliko wanavyoiona kwa macho, watarudi wenyewe kuuliza.

Siku moja kundi moja lilikuwa limeachia mita 40 za uzi, pembe digrii 50. Kwa majedwali ya hesabu walipata urefu wa kama mita 30.6 kutoka usawa wa macho. Nikamtuma mmoja akasimame chini ya tiara, tukapima kwa futi kamba kutoka kwa mrushaji hadi kwake: mita 25. Kwa tanjenti ikatoka mita 29.8. Walibishana hadi kengele ikagonga, mpaka kijana ambaye kwa kawaida hasemi darasani akanyoosha mkono: uzi umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo mita 40 siyo mstari ulionyooka. Nimefundisha miaka mingi na sijasikia jibu lililonifurahisha kama lile.

Kosa jingine langu lilikuwa kuwaachia wavulana uzi na wasichana daftari. Wasichana wengi likizo yao ni maji, kuni na wadogo zao, na tiara wamezitazama kwa mbali tu. Sasa kila baada ya dakika 10 wanabadilishana: mrushaji anakuwa mpimaji, mpimaji anaandika, mwandishi anashika uzi. Simamia hilo kwa saa mkononi.

Mvua za vuli zikianza Oktoba, tiara hazifai tena. Hapo tunatengeneza vipimamvua: tunakata chupa za plastiki, shingo tunaigeuza iwe faneli, na kitako chenye mabonde tunakijaza maji hadi pale chupa inaponyooka, ndipo tunaweka alama ya sifuri. Sehemu yenye mabonde haiwezi kupimwa kwa rula. Chupa ikae mbali na miti na mapaa, isomwe saa 3 asubuhi kila siku, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Zamu za Jumapili wape wanaokaa karibu na shule.