Usiulize "ni lini" peke yake

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Makorora, Tanga. Diwani wetu ametuambia tumwandikie maswali ayapeleke kwenye baraza. Kaka yangu anayeishi Glasgow anasema wabunge wa Scotland huibana serikali yao kwa maswali ya maandishi, bila hata kusimama kusema. Karatasi inambanaje mtu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inambana, ikiandikwa vizuri. Nilikuwa karani wa vikao katika halmashauri moja ya mkoa huu, maswali ya madiwani yakipita mikononi mwangu, na naumia nikikumbuka mangapi yalipotea bure.

Kaka yako amesema kweli. Bunge la Scotland lilianza 1999, lina wabunge 129, nalo huisimamia serikali ya Edinburgh katika mambo yaliyogatuliwa: afya, elimu, meli za visiwani na mengineyo. Ulinzi na mambo ya nje yamebaki London. Ukiuliza hayo, swali halipokelewi. Sisi majirani wa Pemba hilo tunalielewa upesi, maana Baraza la Wawakilishi lina yake na Dodoma ina yake.

Kila swali hupewa namba. Katika bunge lililochaguliwa 2021 namba zilianza na S6W, yaani muhula wa sita, swali la maandishi. Kwa kawaida waziri ana siku 10 za kazi za kujibu, na jibu huchapishwa kila mtu alisome. Nguvu iko hapo. Neno la mdomoni mtu hulikana. Jibu lenye namba halikaniki, na mbunge hulishika akaandika swali jingine juu yake.

Tazama meli ya Glen Sannox. Mkataba wa 2015 ulikuwa wa pauni milioni 97 kwa meli mbili. Hiyo ya kwanza ilitakiwa 2018, ikaanza kubeba abiria Januari 2025. Miaka yote hiyo wabunge waliuliza: gharama imefika ngapi, tarehe mpya ni ipi? Maswali hayakuchomelea bati hata moja, lakini kila tarehe mpya iliwekwa kando ya ile ya zamani, watu wakaona.

Mawaziri wa kule nao wana pa kuponyokea: "taarifa hizo hazihifadhiwi makao makuu." Letu sisi ni "fedha zitakapopatikana." Jibu hilo nililipiga chapa vikao vinne mfululizo kwa zahanati moja, kwa sababu swali lilikuwa lilelile: Je, ni lini zahanati itakamilika? Kikao cha tano diwani mmoja, mama muuza samaki, aliandika hivi: Kilitengwa kiasi gani, kimepokelewa kiasi gani, na hadi leo kimefanya kazi gani? Mkuu wa idara ikabidi aje na leja. Sijasahau ukumbi ulivyonyamaza aliposoma kwamba fedha za mabati zilishapokelewa.

Kwa hiyo mwandikieni diwani wenu swali moja kwa jambo moja. Utajeni mtaro wenyewe au darasa lenyewe, mwaka wa fedha, na kiasi mnachotaka kukijua. Jibu likija limezunguka, kikao kijacho mlinukuu neno kwa neno na kuuliza sehemu iliyorukwa. Na nakala ya kwenu igongwe muhuri wa masjala, wenye tarehe.