Kulea mtoto katika kijiji cha Kiingereza: ushauri wa aliyekulia Shropshire

Wazazi wengi wanaonitafuta ni Watanzania na Wakenya waliopata kazi ya kuhudumia wazee Uingereza, mbali na miji mikubwa. Mlango wa viza kwa kazi hiyo ulifunguliwa mwaka 2022, ukafungwa mwaka 2025 kwa waombaji wapya walioko nje, na wengi waliouwahi walijikuta wakiishi mahali ambapo basi hupita mara chache, unga wa sembe haupatikani, na mtoto wao ndiye pekee mweusi darasani. Swali lao ni moja: tuhamie Leicester au London kwa ajili ya watoto? Ninawajibu kama mtu aliyekulia kijijini. Msikimbilie kuhama. Kijiji cha Kiingereza kinaweza kumpa mtoto wa Kiswahili utoto mzuri sana, ila mzazi naye akubali kujulikana na wenyeji.

Mama yangu alikuwa muuguzi. Tulitoka Tanga tukafika Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, mwaka 1980, nikiwa na miaka sita. Kijiji kilikuwa na kanisa la mawe, baa, shule ndogo ambamo watoto wa rika mbalimbali walisoma chumba kimoja, na duka lililokuwa pia posta. Mwanzoni mama akitoka kazini alifunga mlango, tukakaa ndani karibu na hita mpaka kesho. Hakuna jirani aliyebisha hodi. Mama angeweza kuamini kwamba tumekataliwa, lakini alikata shauri kwenda mwenyewe. Jumamosi moja akakaanga maandazi, akatuvalisha makoti, tukapita nyumba kwa nyumba kusalimia.

Jambo hilo ninalisisitiza kwa kila mzazi mgeni. Kwetu pwani nyumba ikipata mpangaji mpya, majirani wanakuja kumjulia hali. Kijijini Uingereza wengi wanaona kwamba kumwacha mtu na faragha yake ndiyo heshima. Wewe unangoja hodi, wao wanangoja ishara, na miezi inapita. Toa ishara hiyo. Siku hizi maduka mengi ya vijijini yamefungwa, kwa hiyo anza na geti la shule saa ya kuwachukua watoto, ukumbi wa kijiji, na ubao wa matangazo. Soma kila karatasi iliyobandikwa hapo. Wakitafuta watu wa kupanga viti siku ya sherehe ya kiangazi, jitolee, hata kama umetoka zamu ya usiku na una nusu saa tu. Jina lako litajulikana, na mtoto wako atakuwa mtoto wa fulani.

Jambo la pili ni njia za miguu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndizo zilizonilea. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zikikatiza katikati ya mashamba ya watu. Wageni huogopa kuzipita. Kwetu kukatiza shamba la mtu bila ruhusa ni ukosefu wa adabu, na woga huo ninauheshimu. Lakini njia iliyoandikishwa ni haki ya kila mtu. Mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Watu waliipigania haki ya kutembea: mwaka 1932 vijana wa viwandani walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyoagiza njia hizo zichorwe rasmi kwenye ramani. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la serikali la ramani, ya kipimo cha 1:25,000, utaziona kwa mistari ya vipande ya rangi ya kijani. Funga kila geti ulilolikuta limefungwa, na usipite karibu na ng'ombe wenye ndama.

Kwenye njia hizo nilijifunza majira ya mwaka kwa mikono. Mwishoni mwa Agosti tulichuma beri nyeusi kwenye nyua za miiba. Oktoba tuliokota mbegu za kahawia zinazong'aa chini ya miti mikubwa, tukazitoboa, tukapitisha uzi, tukazigonganisha mpaka ya mwenzako ipasuke. Julai tulipanda Long Mynd, mlima wa nyasi na kondoo, kutafuta vitunda vidogo vya samawati vinavyopaka ulimi rangi kama zambarau za Tanga. Mama alipouona ulimi wangu alicheka sana, na kuanzia siku hiyo akawa anapanda nasi.

Baridi na giza msivichukulie kirahisi. Januari 10, 1982, mji wa Newport, Shropshire hiyohiyo, ulifika nyuzi 26.1 chini ya sifuri, rekodi ya England ambayo haijavunjwa mpaka leo. Maziwa ya chupa tuliyoletewa yaliganda mlangoni yakasukuma vifuniko vya chupa juu. Baridi kama ile ni nadra, lakini giza liko kila mwaka: Desemba jua linazama kama saa kumi jioni. Mtoto atoke nje mchana, hata kwenye manyunyu. Na sisi wenye ngozi nyeusi, idara za afya za Uingereza zinatushauri tufikirie kutumia vitamini D mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima, si majira ya baridi tu. Muulize mfamasia kipimo cha mtoto.

Matusi yapo. Niliitwa majina uwanjani nikalia njiani kurudi nyumbani. Kesho yake mama alikwenda shuleni na sare yake ya uuguzi, akaomba kuonana na mwalimu mkuu, akaeleza kwa sauti ya chini neno lililotamkwa, nani alilitamka na wapi. Hakuondoka mpaka akaambiwa kitakachofanyika. Fanyeni hivyo, tena siku hizi andikeni barua pepe, muombe jibu la maandishi. Mtoto asiambiwe avumilie tu. Akimwona mzazi wake amesimama, anapata nguvu ya kurudi darasani.

Kuna Novemba moja ambayo naikumbuka kuliko zote. Kila mwaka tarehe 11 shule yetu ilikwenda kwenye mnara wa waliokufa vitani, majina yakasomwa. Nilimwambia mwalimu kwamba babu yangu naye alipigana, alikuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akafika Burma. Watoto hawakuamini. Mwalimu akamwita mama, na mama akasimulia mbele ya darasa habari za Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria. Habari ikaenea kijijini. Jumapili mzee mmoja mwenye mkongojo akagonga mlango wetu. Alikuwa Burma pia. Alisema "jambo", akasema "maji", maneno aliyoyapata kwa askari wetu, kisha akakaa kimya kwenye kiti cha mama kwa muda mrefu. Tangu hapo alituletea viazi vya bustani yake, nasi tulimwita Babu.

Kwa hiyo usimfiche mtoto alikotoka ili afanane na wengine. Mpe habari za kwao zilizo kamili, na zile zinazokutana na historia ya hapo alipo zitafutie nafasi zisikike shuleni.

Kiswahili kwetu kilikuwa sheria ya ndani ya nyumba, na kila Jumapili niliandika aerogramu, barua ya karatasi nyepesi ya kupelekwa kwa ndege, kwa bibi Tanga. Bibi hakupokea salamu tupu. Aliuliza: kondoo wananyolewaje? Theluji inaliwa? Kanisani wanapigaje kengele muda mrefu hivyo? Ilinibidi nikaangalie vizuri ndipo nimjibu. Alizihifadhi barua zote kwenye sanduku lake la nguo, na alipofariki nikakabidhiwa. Karibu kila nilichoandika hapa kimo humo, kwa mwandiko wa mtoto na kwa Kiswahili.

Leo mna simu. Mtoto amtumie bibi ujumbe wa sauti kila wiki, na mwombeni bibi aulize maswali magumu. Kisha msiache sauti hizo kwenye simu peke yake, maana simu huibwa na kuharibika. Zihamishieni kwenye kompyuta, na kila moja muiandikie tarehe, umri wa mtoto na jina la kijiji.