Bibi wa Jikoni Anajibu: Pesa ya Meza Inaishia Kwenye Kipimo

Mwezi huu karibu barua zote ni za pesa ya meza. Nimechagua nne, tatu za Mtwara na moja ya Lindi. Mlioniuliza habari za kupunguza kitambi mtanisubiri, wenye njaa kwanza.

Shikamoo Bibi. Nina watoto watatu, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini. Mume wangu ni bodaboda, ananiachia shilingi 6,000 kila asubuhi, na mama mkwe tunaye ndani. Haitoshi. Jana niliandika kila nilichonunua: sukari robo 800, majani ya chai 100, vitumbua 1,000, unga kilo moja 1,600, dagaa fungu moja 1,000, nyanya na vitunguu 600, mafuta ya kupima 500, mkaa 1,000. Mchana hatukupika, tulimalizia kiporo. Jumla 6,600, na ile 600 nikakopa dukani. Mume anasema nafuja. Mama mkwe anasema enzi zao walikula makopa, muhogo uliokaushwa, na hawakufa. Nifanyeje? — Mama Watatu, Chikongola

Marahaba mwanangu. Kwanza, hufuji. Karatasi yako nimeisoma mara mbili na miwani usoni, sijaona soda wala nyama humo. Mwonyeshe mumeo, ila ngoja ashibe kwanza. Mwanamume mwenye njaa hasomi hesabu.

Tuanze na asubuhi. Sukari, majani na vitumbua vimekula 1,900. Hiyo inakaribia theluthi ya pesa ya siku, na ikifika saa nne watoto wanakuuliza tena wale nini. Mimi nilikuwa mama lishe jirani na stendi miaka kumi na tisa, vitumbua vilinisomeshea mtoto, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Kitumbua kizuri ni hewa iliyokaangwa. Anayeneemeka nacho ni anayekiuza. Chukua fungu la mihogo la 500, chemsha na chumvi, kitu hicho kinakaa tumboni mpaka adhuhuri. Kiangazi ming'oko, ile mizizi ya porini, ikishuka mjini, badilisha, nunua ming'oko. Ile robo ya sukari ifike siku mbili. Majani ya chai yaache kabisa: omba shina la mchaichai kwa jirani, lipande pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagikia, halitakudai kitu tena.

Hapo umepata 500 ya vitumbua, 400 ya sukari na 100 ya majani. Elfu moja. Deni la 600 halipo tena na 400 imebaki mkononi. Itie kwenye kopo, usimwambie mtu.

Sasa nikueleze kwa nini nataka hiyo 400. Wakati naanza kazi ya kupika nilikuwa nanunua mafuta kama wewe, kile kikopo chenye mkono mrefu, kinachovya kwenye ndoo na kutoka kikidondosha. Siku moja nilikasirika nikatafuta chupa tupu ya maji ya lita moja, nikawa kila nikinunua kipimo namimina humo kabla sijapika, naandika mstari ukutani kwa mkaa. Leo ningefanya jaribio lile kwa bei za sasa, ingekuwa hivi: vipimo kumi na viwili vya 500 ni 6,000, na chupa yangu ilikuwa imefika mabegani tu. Lita nzima dukani kwangu leo ni 5,000. Yaani maskini ndiye anayenunua mafuta ghali kuliko wote mtaani, na analipa ile ziada kwa sababu tu hajawahi kushika 5,000 kwa mkupuo. Muuza duka simlaumu, naye ana watoto. Lakini siku ya kumi na tatu kopo lako litakuwa na 5,200. Nenda kanunue lita, ufiche chini ya kitanda, utoe kwa kijiko.

Ukishavuka hapo, kitu cha pili cha kununua kwa jumla si unga, ni mbaazi. Nasikia mnavyocheka. Mbaazi mmeifanya chakula cha kijijini, mnataka maharage kutoka mikoa ya mbali ambayo yamelipiwa nauli ya lori mpaka yakufikie. Mbaazi inalimwa Masasi, inalimwa Nachingwea, inavunwa kiangazi, na inapovunwa bei inalala. Mnakumbuka 2017, India walipowekea kikomo mbaazi za nje zinazoingia kwao? Bei huku kwetu ilianguka, wakulima wakakaa na magunia wakiyatazama. Ilikuwa msiba kwao, sisemi vingine, ndugu zangu wenyewe walilia. Mimi nilinunua gunia kwa binamu yangu, yeye akapata chochote na mimi nikapika mbaazi mwaka mzima.

Kuhifadhi kunawashinda wengi, wanakuta unga na vidudu. Anika juani mpaka ukiing'ata punje inalia *ka!*, haibonyei. Pooza kwanza. Kisha jaza kwenye dumu kavu la lita tano au kumi mpaka shingoni, pasibaki nafasi, funga kizibo na nailoni chini yake kibane. Kidudu kilichomo kinakosa hewa kinakufa humohumo. Dumu lililojaa nusu ni hoteli yao.

Kupika: loweka usiku. Asubuhi chemsha dakika kumi na tano tu, sufuria ikiwa bado inatokota, funika, itie ndani ya kapu la ukili ulilotandika matambara, juu weka kanga kuukuu iliyokunjwa, sindilia pembeni. Nenda zako. Mimi nilikuwa naliweka kapu saa mbili asubuhi, nikilifungua adhuhuri mvuke unanipofusha miwani na mbaazi zimeiva, hazijavunjika hata moja. Mkaa wa 1,000 hapo unakwenda siku mbili. Malizia kwa tui. Kuna nazi humo, mafuta ya nini tena? Tui la pili ndilo la kupikia, la kwanza likae pembeni liingie mwisho moto ukiwa mdogo, usikoroge kama unachanganya simenti litakatika.

Dagaa endelea nao, watoto wanawahitaji. Ila angalia mwezi wa angani kabla ya kwenda sokoni. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda taa haziwavuti, mashua zinarudi nyepesi na fungu linakuwa dogo kwa bei ileile. Nunua siku za giza, tena asubuhi pale feri boti zikiwa zimefunga, chukua wabichi wa kutosha, osha kwa maji ya chumvi, anika wewe mwenyewe. Wakikauka wanakuvusha mpaka giza jingine.

Na huyo mama mkwe usimnunie. Mtu aliyekulia makopa anajua kutwanga kisamvu mpaka kinakuwa laini kama uji, kazi ambayo wewe na mimi tukiianza mikono inatoka malengelenge. Mpe jiko siku mbili kwa wiki. Utapumzika, atafurahi, na majani ya muhogo unaomba tu uani kwa mtu.

Bibi, shikamoo. Nimepata makopa kwa bei nzuri sana kwa mtu aliyekuja nayo mjini Lindi. Jirani ananiogopesha kwamba yanaua. Wazee wetu mbona waliyala? — Mwenye Mashaka, Lindi

Marahaba. Jirani yako hajakosea, na wazee wako nao hawakukosea, walichokuwa nacho ni subira. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, na mwaka wa ukame sumu inaongezeka. Wazee waliumenya, wakauloweka siku tatu mpaka ukalainika, ndipo wakauanika. Siku hizi mtu ana haraka ya pesa: anamenya, anaanika papo hapo, siku ya pili yuko kwenye basi. Kopa la namna hiyo jeupe linapendeza macho lakini sumu kubwa bado imo. Anayelila kila siku bila mboga ya maana anaweza kupata ugonjwa unaoitwa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena kuwa kama zamani. Watoto na wanawake vijana ndio unaowakamata zaidi. Si hadithi ya mbali, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulizuka hukuhuku mkoani Mtwara.

Usiyatupe. Saga, kisha fanya hivi. Tia unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ya kalamu pale unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka chini ya alama, usishtuke, endelea mpaka upande tena ufike palepale. Hapo umelowa sawasawa. Utandaze kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, uuache juani saa mbili nzima, au kivulini saa tano kama kuna mawingu. Sumu inaruka na hewa. Kisha songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze maana utachacha. Na usile ugali huo na chumvi tupu au mchicha mtupu: weka dagaa, weka mbaazi au kunde, ndivyo mwili unavyopata nguvu ya kuishinda ile sumu iliyobaki.

Jirani mpelekee sahani.

Bibi habari. Mimi ni fundi simu, nimepanga chumba kimoja Magomeni, Mtwara. Chai 1,000, mchana 2,000, usiku 2,000, kila siku kwa mama lishe. Rafiki zangu wanasema ninunue jiko nipike nitaokoa nusu. Kweli? — Kijana wa Geto

Nimeanza na shikamoo zako ulizozisahau, marahaba. Sasa sikiliza: usinunue jiko. Mkaa unaoivisha maharage ya mtu mmoja ndio huohuo unaoivisha ya watu watano, na wewe utapika sufuria Jumapili, Jumanne litachacha, Jumatano utarudi kwa mama lishe na jiko litakuwa kiti. Nimewaona wengi. Jiko lina maana ukipata wenzako wawili humo nyumbani wa kuchanga nao, mmoja wao awe anajua kuosha sufuria.

Kama huna, kubaliana na mama lishe wako ulipe kwa wiki, mapema, Jumatatu. Hujui mtu wa biashara ile anavyoitaka pesa ya Jumatatu asubuhi, ndiyo ya kununulia unga na mkaa. Mteja wangu wa namna hiyo nilimpunguzia bei na sahani yake niliijaza kwa mkono mwingine. Mwambie akupe ugali, kisamvu na dagaa, wali uwe wa Ijumaa. Na kama kazi yako inaruhusu kula saa tisa badala ya saa saba, nenda saa tisa. Kilichobaki kwenye sufuria saa hizo mama lishe anaogopa kulala nacho. Usimwambie mimi ndiye niliyesema.

Bibi shikamoo. Shambani kwetu Newala msimu wa korosho mabibo yanaoza chini, tunakanyaga tu. Mjini nalipia matunda. Yanafaa kuhifadhiwa? — Binti wa Newala

Marahaba binti. Muulize bibi yako habari za kochoko, yaani bibo lililokaushwa, kabla hajasahau. Yaokote yaliyodondoka leo, ya jana yameshaanza kuchachuka, na yaliyochachuka yana wenyewe, tunajua yanakokwenda. Osha mchanga, ng'oa korosho, yakamue maji na unywe siku hiyohiyo. Ule ukakasi unaoshika koo unaondoka sehemu kubwa na maji hayo. Kapi lililobaki, hilo bibo lililokamuliwa, ulianike juani mpaka linakuwa la kahawia na linakunjika bila kutoa unyevu. Linakaa miezi. Siku ya njaa unalichemsha, au unawapa watoto watafune hivyohivyo wanaporudi shule.

Anika juu ya kichanja, si chini kwenye mkeka kama mimi. Mwaka juzi mbuzi wa jirani alinilia ungo mzima nikiwa ndani nasuka ukili, na mwenye mbuzi akaja kunishukuru kwamba mnyama amenenepa. Idi ilipofika alinipa paja. Kochoko lenyewe sikulionja.